Usumba au nailoni?

Kwa kuezekea banda la makuti, mimi nachagua usumba, yaani kamba ya nyuzi za makumbi, maganda ya nje ya nazi. Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, kina mama hufukia makumbi kwenye tope la pwani miezi kadhaa, wakiyafukua huyaponda kwa gongo mpaka zibaki nyuzi tupu, kisha huzisokota kwa viganja. Kazi ya kuchosha, na harufu yake usiulize! Lakini kamba inayotoka ni kavu, ina vinywele, na fundo lake likishika halichezi. Ndiyo maana mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, ilishonwa kwa kamba hii bila msumari wa chuma.

Nailoni ni nyororo. Funga pau kwa fundo moja tu, upepo wa kusi utalifungua. Lazima urudie mafundo na uchome ncha kwa kiberiti zisifumuke. Jua nalo huila, ikaanza kutoa unga.

Ila kwa nanga ya mashua sibishani na mtu: nailoni. Ina nguvu, inavutika wimbi likipiga, haiozi, na duka lolote la vifaa vya uvuvi inauzwa. Usumba wa unene uleule ungekatika mapema, tena ukirowa ni mzito kuuvuta.