MacBook Air ya M1 kwa anayefanya kazi ugenini: sauti kwanza, kamera baadaye

Nimefanya kazi mbali na nyumbani kwa miaka kadhaa, na katika muda huo nimetumia kompyuta mpakato tatu. Ya kwanza niliichagua kwa bei yake, ya pili kwa nguvu zake, na ya tatu, ambayo ndiyo ninayoieleza hapa, niliichagua kwa kuisikiliza. Ni MacBook Air yenye prosesa ya M1, iliyozinduliwa na Apple mwezi Novemba 2020. Kampuni hiyo iliiondoa katika orodha yake ya bidhaa mwezi Machi 2024, lakini zilizotumika bado zinapatikana kwa wingi. Ninaipima kwa jambo moja tu, yaani kuzungumza na watu wa nyumbani, hivyo anayetafuta mashine ya michezo au ya kuhariri filamu hatapata msaada mkubwa hapa.

Kwanza nieleze kilichonifanya niziache zile mbili za mwanzo, kwa sababu makosa niliyoyafanya ndiyo yanayofanywa na wengi. Ile ya kwanza ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko hifadhi ya kasi iitwayo SSD. Mfumo wa Windows pekee ulikalia sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na kila sasisho kubwa lilipofika ilinibidi nifute picha ili lipate pa kukaa. Simu ya video ikianza huku kivinjari kikiwa wazi, uso wa mtu uliganda mdomo ukiwa nusu wazi na sauti ikaendelea peke yake, kisha baada ya sekunde chache picha ikaruka kuifuata. Mtu huvumilia hali hiyo katika mkutano wa kazi, lakini ni vigumu kuivumilia unapozungumza na mtoto wa miaka mitatu, ambaye akiona uso umeganda huinuka na kwenda zake.

Ya pili ilikuwa mashine ya ofisini iliyotumika, yenye prosesa ya nguvu, RAM ya gigabaiti 16 na skrini nzuri. Kwenye karatasi haikuwa na kasoro. Wiki ya pili tangu niinunue, mama aliniuliza katikati ya mazungumzo, "Mwanangu, huko mliko upepo hautulii?" Nilimjibu kwamba dirisha limefungwa. Siku nyingine akaniuliza tena, na mara ya tatu akasema nihamie chumba kisicho na upepo. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba alichokuwa akikisikia ni feni ya kompyuta, iliyokaa karibu sana na tundu la maikrofoni, na ambayo iliongeza kasi kila simu ya video ilipozidi dakika kumi. Mimi sikuisikia hata kidogo, kwa kuwa nilivaa hedifoni. Programu nyingi za simu zina uwezo wa kuchuja kelele za nyuma, na niliuwasha, lakini uchujaji huo nao huchosha prosesa, joto likapanda na feni ikazidi kuvuma. Isitoshe, ulikuwa ukila mwanzo wa maneno yangu, hasa usiku nilipozungumza kwa sauti ya chini ili nisiwaamshe wenzangu.

MacBook Air ya M1 haina feni kabisa. Joto la prosesa husambaa kwenye bamba la alumini lililo ndani na gamba la nje la alumini, basi. Ubaya wa mpangilio huo ni kwamba mashine ikifanyishwa kazi nzito kwa muda mrefu hupunguza kasi yake ili isipate joto kupita kiasi, lakini simu ya video si kazi nzito kiasi hicho kwa prosesa hii, na sijawahi kuiona ikilegea wakati wa mazungumzo hata yanapozidi saa mbili. Ina maikrofoni tatu zinazofanya kazi pamoja kuelekeza usikivu wake kwa anayezungumza. Ninaweza kukaa hatua moja kutoka mezani, nikazungumza kama ninavyozungumza na mtu aliye chumba kimoja nami, na upande wa pili hawaniambii nirudie. Kwangu hilo peke yake lilitosha kuamua, kwa sababu watu waliotengana husameheana picha mbovu lakini sauti mbovu huwafanya wafupishe mazungumzo bila hata kuambiana.

Kamera yake ni ya 720p, yaani pikseli 1280 kwa 720, na wakaguzi wengi waliilaumu tangu ilipotoka. Lawama hiyo ni ya haki kwa anayerekodi video za kufundishia. Kwa anayezungumza na nyumbani, naona ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa, na sababu yake ni hesabu ya mtandao. Zoom inaeleza kwamba simu ya watu wawili katika ubora wa 720p huhitaji takriban megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi, wakati ubora wa 1080p, ulio mkali zaidi, huhitaji megabiti 3 au zaidi kila upande. Ukizidisha kwa saa nzima, simu ya 720p inafika gigabaiti moja na ushee. Ikiwa aliye upande wa pili anapokea kwa simu ya mkononi yenye bando, au kwa laini inayopungua kasi jioni, programu itashusha ubora wa picha yenyewe, na kamera yako ya 1080p itakuwa inatuma picha ambayo haifiki. Ninayo sababu ya kusema hivi, kwa maana ile kompyuta yangu ya pili ilikuwa na kamera bora kuliko hii, na hakuna hata mtu mmoja nyumbani aliyeona tofauti nilipobadilisha.

Kitu wanachokiona ni mwanga. Tofauti ya saa kati ya nchi na nchi humlazimisha mtu kupiga simu usiku au alfajiri, na kamera ndogo za kompyuta, zikiwemo za gharama kubwa, huharibika gizani. Uso hujaa chengachenga, na ukiwa na taa nyuma yako unaonekana kivuli kitupu. Taa ndogo ya mezani ikiwekwa nyuma ya skrini, ikiangalia ukuta ulio mbele yako ili mwanga urudi usoni ukiwa laini, itakusaidia kuliko kuongeza pesa kwa ajili ya kamera. Na usibandike kifuniko cha plastiki kwenye kamera ya mashine hii kisha ukaifunga. Apple yenyewe ilitoa tahadhari mwaka 2020 kwamba nafasi kati ya skrini na kibodi ni finyu sana na kioo kinaweza kupasuka.

Kuhusu hedifoni, nashukuru kwamba tundu la waya la milimita 3.5 lipo, upande wa kulia. Wengi hununua zisizo na waya wakidhani ni bora kwa kila jambo. Katika simu, hedifoni nyingi za Bluetooth hulazimika kugawana njia moja kati ya kusikia na kusema, na maikrofoni yake ikiwashwa tu, sauti yote hushuka na kuwa kama ya simu ya zamani. Ukitaka kuendelea kuzitumia, ingia katika mipangilio ya sauti uchague maikrofoni ya kompyuta yenyewe, nazo zibaki kwa kusikilizia tu. Za waya, zenye maikrofoni ndogo katikati ya uzi, hazina tatizo hilo na hazihitaji kuchajiwa.

Kibodi inastahili aya yake, kwa kuwa ni jambo ambalo anayenunua kompyuta ugenini hulisahau mpaka afike chumbani. Ujerumani kompyuta huuzwa na kibodi ambayo Y na Z zimebadilishana nafasi, na Ufaransa A imekaa mahali pa Q. Vidole vilivyozoea mpangilio wa kawaida vikiandika "nyumbani" kwenye ile ya kwanza hutoka "nzumbani", na "kazi" huwa "kayi". Kwenye ile ya Kifaransa "kaka" huwa "kqkq", na hakuna lugha inayoonewa na kosa hilo kuliko Kiswahili, chenye A katika karibu kila neno na kisicho na haja yoyote na Q. Mpangilio huo wa herufi unaweza kubadilishwa ndani ya mfumo, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe zitabaki kukudanganya. Zima pia usahihishaji wa maneno wa macOS, yaani mfumo endeshi wa mashine hii, mapema, la sivyo ujumbe wako wa Kiswahili utafika ukiwa umegeuzwa maneno mengine.

Betri ni nzuri, na sina mengi ya kuongeza. Apple ilitaja hadi saa 15 za kutumia intaneti. Simu za video hula zaidi ya hapo, lakini kwangu mimi jioni nzima ya mazungumzo hupita bila chaja, na hiyo ni faida kubwa katika chumba cha watu wanne chenye soketi moja. Chaja yake ni ya wati 30 na hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, hivyo ukihama nchi unabadilisha kichwa cha plagi tu. Betri ina saa-wati 49.9, chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege hutumia kwa mizigo ya mkononi. Inaponiudhi ni kwenye matundu. Yapo mawili tu ya USB-C, yote upande wa kushoto, na moja likishikwa na chaja linabaki moja kwa kila kitu kingine.

Programu zote za kawaida zinafanya kazi juu yake. WhatsApp hupiga simu za sauti na za video moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, Google Meet huruhusu watu wawili kuzungumza bure bila haraka, na Zoom ya bure hukata kikao baada ya dakika 40, jambo ambalo ndugu zangu wamelizoea kiasi cha kuharakisha habari muhimu dakika ya 35. Mwenye FaceTime anaweza kumtumia kiungo mtu mwenye simu ya Android naye akajiunga kupitia kivinjari. Kabla ya kuondoka, hata hivyo, uliza sheria za nchi unayokwenda. Falme za Kiarabu, kwa mfano, kwa miaka mingi zimezuia simu za WhatsApp na kuruhusu zile za programu zilizoidhinishwa kama Botim, na hapo hakuna kompyuta itakayokusaidia. Programu watakayoitumia wa nyumbani isakinishwe na kujaribiwa kwenye simu zao ukiwa bado upo nao, maana kumwelekeza mzee hatua za usajili kwa ujumbe wa maandishi ni adhabu kwa pande zote mbili.

Toleo la RAM ya gigabaiti 8 linatosha kwa simu na kivinjari. Anayefungua pia faili za kazi siku nzima atafute la 16, kwa sababu RAM na hifadhi vyote vimeunganishwa moja kwa moja ndani ya mashine na haviongezeki baadaye. Kama mwajiri wako anataka Windows, usijilazimishe kununua hii. Katika kutafuta mashine ya Windows iliyotumika, hakikisha inakubali Windows 11, kwani msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na kompyuta nyingi za zamani hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 kinachohitajika. MacBook Air ya M1 bado inapokea macOS Tahoe, toleo lililotoka mwaka 2025.

Kwa kuwa utainunua ikiwa imetumika, fungua taarifa za mfumo uangalie idadi ya mizunguko ya kuchaji. Betri hii imetengenezwa kuhimili mizunguko 1,000 kabla ya kuhesabiwa kuwa imechoka, nami nisingechukua iliyopita 500 bila kupunguziwa. La pili ni kubwa zaidi. Mwenye mashine atoe akaunti yake ya Apple (iCloud) mbele yako, aifute yote, kisha uiwashe na kuiunganisha na Wi-Fi mpaka ufike ukurasa wa kuanza kutumia. Ikidai nenosiri la mtu mwingine, imefungwa, na aliyekuuzia akishaondoka haitafunguka.

Mwisho jirekodi kwa dakika moja ukiwa umbali wa mkono, kisha usikilize kwa hedifoni yako mwenyewe. Aliyeniuzia hii alinitazama nikiisomea mashine ujumbe wa mama kwa sauti, nikanyamaza kimya nusu dakika huku kinasa sauti kikiendelea, halafu nikavaa hedifoni na kusikiliza ule ukimya mara mbili. Aliniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna upepo.