Sumaku ipi ununue? Uliza kwanza itakaa wapi

Wengi huingia dukani wakitaka sumaku "yenye nguvu". Swali la maana zaidi ni itakaa wapi: penye joto, penye maji, au ndani ya droo kavu.

Kila elektroni ni kisumaku kidogo. Katika vitu vingi visumaku hivyo huenda viwili viwili vikafutana. Katika chuma, nikeli na kobalti baadhi hubaki bila mwenzake, na atomi jirani hujipanga upande mmoja, makundi makundi. Kwenye msumari makundi hayo yameelekea ovyo, ndiyo maana msumari hauvuti mwenzake. Ukiusugua kwa sumaku hujipanga, lakini chuma laini husahau upesi. Sumaku ya kudumu ni ile iliyokataa kusahau.

Ya kwanza kwangu ni neodimi, mchanganyiko wa neodimi, chuma na boroni uliopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Soma daraja lake: kuanzia N35 hadi N52, namba ikipanda na nguvu inapanda. Herufi za mwisho ndizo watu huziruka. N42 tupu huanza kudhoofika ikipita nyuzi 80 za Selsiasi. N42SH huvumilia hadi karibu 150. Kagua ile ngozi ya nikeli inayong'aa: ikibanduka, kutu huingia na sumaku humomonyoka. Mbili ziliwahi kunibana kidole. Siku hizi nazitenganisha kwa kuzitelezesha, sizivuti. Kwenye watoto wadogo, zile gololi za sumaku usizilete kabisa. Mbili zikimezwa hubana utumbo katikati na kuutoboa.

Ya pili ni feraiti, ile nyeusi kama kauri iliyo nyuma ya spika. Ni dhaifu na hukatika ikianguka, ila haiogopi kutu, kwa kuwa yenyewe ni oksidi ya chuma iliyochomwa pamoja na strontiamu au bariamu. Penye mvua ningeipa nafasi ya kwanza.

Samari-kobalti ni ghali. Inunue tu kama kuna joto la nyuzi 200 na zaidi. Alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, huvumilia joto kuliko zote, lakini sumaku nyingine kali ikiisogelea huweza kuififisha. Waachie wapiga gitaa, wanaoitumia kwenye vinasa sauti vya gitaa la umeme.

Ya mwisho ni ya mpira, ile ya kubandika kwenye friji: unga wa feraiti ndani ya mpira. Weka vipande viwili uso kwa uso, uvitelezeshe. Vitakwama na kuachia, tak-tak-tak, kwa sababu ncha zake za kaskazini na kusini zimepangwa mistari mistari. Karatasi moja itaishika. Kalenda nene utaiokota sakafuni.