IST, Fit, Vitz, Passo au Demio? Ninavyoyapanga kwa kero zake

Mama yangu ana magoti mabaya. Mtu akiniomba nimsindikize yadi kutazama gari, naenda na mama. Simwulizi kitu. Namfungulia mlango wa nyuma, namwacha aingie mwenyewe, akae dakika tano, ashuke. Nikiona ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili huku anainamisha kichwa asigonge paa, nimeshaona jambo ambalo hakuna fundi wa Ilala wala wa Kinondoni atakayelirekebisha.

Wengi wetu tukinunua gari dogo la Kijapani tunauliza cc ngapi, limetembea kilomita ngapi, spea zinapatikana? Uliza, ni haki yako. Ila injini za magari haya nyingi ni ngumu, na ukizibadilishia oili kwa wakati zinakaa. Kitakachokuchosha kila asubuhi ni namna gari lilivyoundwa. Mimi kero hizo nazigawa mafungu mawili: zinazotibika kwa hela ya kawaida, na zilizochongwa pamoja na bodi. Za kwanza zisikukimbize. Za pili usizisamehe kwa sababu rangi imekupendeza.

Nianze na zinazotibika. Redio ya Japani ilitengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia 76, na nyingi zinaishia 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana gari linashuka bandarini likishika stesheni mbili tatu tu. Kipo kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya antena na redio, au unabadilisha redio yote. Kioo cha ramani kilichojaa maandishi ya Kijapani ni kero kubwa zaidi, kwa sababu baadhi yake hudai kadi ya ramani ambayo hubaki hukohuko Japani, na betri ikichomolewa siku moja, redio inajifunga na kudai namba ya siri. Ukikuta gari la namna hiyo, hesabu bei ya redio mpya ndani ya bei ya gari.

Tairi la spea ndilo ninalolisemea kwa uchungu. Magari mengi madogo ya miaka ya 2010 kuja juu hayana spea: ukifunua zulia la buti unakuta pampu ndogo ya umeme na chupa ya dawa ya kuziba. Gari nililokuwa nalo zamani lilikuwa hivyo, na nililinunua bila kufunua zulia. Usiku mmoja tukitoka Morogoro, kabla ya kufika Chalinze, nikaingia shimo, ubavu wa tairi ukapasuka. Dawa ile huziba tundu la msumari, ubavu haiuwezi. Ikaanza kutoka povu jeupe kwenye mpasuko na kudondoka kwenye lami, nami nimechuchumaa na tochi ya simu, watoto wawili wamelala kiti cha nyuma, malori yanapita yakilitikisa gari zima. Tulikaa pale hadi alfajiri. Kwa hiyo fungua buti mbele ya muuzaji, funua zulia, na kama hakuna spea, jeki na spana, punguza bei papo hapo.

Gari kuwa chini sana nako kunatibika nusu tu. Vigari hivi vina kimo cha kama sentimita 14 au 15 kutoka chini, na matuta yetu hayakujengwa kwa kuvifikiria. Spesa za kuinulia zinafungwa karibu kila gereji, lakini ukiinua kupita kiasi, vichwa vya shafti za mbele vinachoka haraka. Kero nyingine ni mfumo unaozima injini wenyewe gari likisimama kwenye foleni, ila huo una kitufe cha kuuzimia. Ubaya wake ni betri yake maalumu, ambayo ni ghali kuliko ya kawaida.

Sasa nije kwenye kupanga.

Namba moja naiweka Toyota IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007. Unaiingia bila kuinama sana, ina gia nne za kawaida za otomatiki ambazo fundi yeyote anazielewa, na injini zake za lita 1.3 na 1.5 zina spea kila kona. Kero yake iliyochongwa ni dashibodi: geji ya spidi iko katikati, mbele ya hewa tupu. Kiwanda kilipata nafuu, maana dashibodi ya aina hiyo inafaa kwa usukani wa kulia na wa kushoto. Wewe dereva, kwenye eneo la spidi 50 na askari wa tochi wako chini ya mwembe, unalazimika kutupa macho kushoto kila mara. Wiki mbili za kwanza inaudhi, baadaye wengi wanazoea. Buti ni dogo, hilo hutalizoea. IST ya pili, iliyoanza 2007, imerudisha geji mbele ya dereva, lakini nguzo zake za nyuma ni nene na kioo cha nyuma kimekuwa kidogo, kwa hiyo kurudi rivasi kunataka kamera. Na 1.5 zake za kuvuta mbele zina CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kawaida. Ndiyo maana naipenda ile ya zamani, uzee wake nikiujua.

Walioko Kenya hawawezi kuagiza IST tena, kwa sababu gari lililozidi miaka minane halipokelewi. Wao waanzie hapa chini.

Namba mbili ni Honda Fit. Kwa nafasi, hakuna gari dogo linaloifikia. Tangi la mafuta liliwekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo makalio ya kiti cha nyuma yananyanyuka kama ubao wa meza na unasimamisha gunia la mchele pale pale. Mama aliingia na kutoka bila kushika kitu. Lakini ile ya 2007 hadi 2013 ina nguzo mbili upande wa mbele, zenye kijioo cha pembetatu katikati yake. Nenda nayo kwenye kipilefti. Unatazama kulia kumpisha anayekuja, na bodaboda mzima, abiria wake na mzigo, anapotea nyuma ya nguzo hiyo kwa nukta kadhaa. Dereva wa Fit lazima ajifunze kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia. Kama wewe ni mfupi na unakaa karibu na usukani, jaribu kwanza. Ile ya 2013 kuja juu inaonyesha barabara vizuri zaidi, ila baadhi zina AC ya kugusa kioo badala ya vitufe, hivyo kupunguza baridi tu lazima utoe macho barabarani. Haibridi (ya petroli na umeme) ya mwanzo ya umbo hilo iliitwa na kiwanda irudishwe mara kadhaa ili giaboksi yake irekebishwe. Mimi ningechukua ya petroli tupu, na ningeiwekea mafuta ya CVT ya Honda yenyewe.

Ya tatu ni Toyota Vitz. Umbo lililoanza mwishoni mwa 2010 lina geji mahali pake, lakini mbele lina waipa moja tu. Ndiyo, moja, ndefu, inayofagia kioo kizima. Mpira wake ukichakaa huna wa pili wa kukusitiri wakati wa mvua za masika, na urefu wake si ule unaoupata kwa muuza waipa wa kwenye foleni. Nunua wa akiba siku ileile unayonunua gari, uuweke chini ya kiti. Injini ya 1.0 ina pistoni tatu, nayo hutetemesha usukani ukisimama taa nyekundu. Kama bajeti inaruhusu, chukua 1.3. Umbo la 2005 hadi 2010 lina waipa mbili, lakini geji iko katikati.

Toyota Passo naiweka ya nne. Ina injini ileile ya pistoni tatu, ile ambayo matangazo huiandika cc 990, na bei yake ndiyo inayoiuza. Nyingi za umbo la pili zina kiti cha mbele kilichoungana kama benchi, na handibreki yake ni ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Hilo silipendi hata kidogo. Handibreki ya mkono, dereva akizidiwa, abiria wa pembeni anaweza kuivuta. Hii hawezi kuifikia. Kwa anayejifunza gari, au anayemfundisha mwanawe, ni sababu tosha ya kutafuta lingine.

Na Mazda Demio ya 2014 hadi 2019, gari tamu kuliko yote haya mkononi, yenye gia sita za kweli bila CVT, nimelazimika kuliweka mwisho. Nyuma ni finyu, mlango unabana, na dirisha la nyuma limepanda juu kiasi kwamba mtoto aliyekaa haoni nje. Mama alijaribu mara moja, akakaa mbele. Kama unaendesha peke yako kwenda kazini na kurudi, hesabu yangu igeuze: kwako ni namba moja. Epuka tu ya dizeli kama maisha yako ni foleni za mjini, kwa sababu chujio lake la masizi linahitaji safari ndefu ili lijisafishe.

Nissan Note ina nafasi kubwa nyuma na milango inayofunguka sana, mama aliipenda. CVT yake ndiyo inayonizuia kuipa namba: uliza imebadilishwa mafuta lini, na ni ya aina gani, kwa maandishi.

Ukikubaliwa kulijaribu gari, usizunguke nalo yadi. Pakia watu wanne, tafuta tuta la mtaani ulipite polepole ukisikiliza chini, kisha nenda kwenye kipilefti chenye bodaboda nyingi, uzunguke mara tatu.