Karatasi ya Matokeo ya Diploma ya Kimataifa na Huduma Iliyo Nyuma Yake

Kila Julai, matokeo ya mtihani wa Mei wa Diploma ya Kimataifa (International Baccalaureate, IB) yakishatoka, shule moja ya binafsi hapa Mombasa, ambayo sitaitaja kwa kuwa mpwa wangu amemaliza huko na mdogo wake bado yumo, hutoa karatasi ya kupendeza yenye picha za watahiniwa, wastani wa alama zao na nembo za vyuo vikuu vilivyowakubali. Wazazi wengi huichagua shule hiyo kwa sababu ya karatasi hiyo. Mimi nimeisoma kwa makini, nikaenda na ofisini kuuliza maswali, na rai yangu ni kwamba huduma ya shule yenyewe ni bora kuliko karatasi inayoitangaza.

Tuanze na wastani. Diploma hii, inayosimamiwa na shirika lililoasisiwa Geneva mwaka 1968, hukamilika kwa alama 45: masomo 6 yenye alama 7 kila moja, pamoja na alama 3 za ziada zinazotokana na insha ndefu na somo la Nadharia ya Maarifa. Anayepata alama 24 hufaulu, mradi ametimiza masharti mengine, na wastani wa dunia huwa karibu na alama 30. Shule hii huuvuka wastani huo na ina haki ya kujisifu. Hata hivyo, karatasi haisemi ni wanafunzi wangapi walioketi mtihani, na darasa likiwa dogo, vichwa viwili vikali vinatosha kuipandisha hesabu ya wote. Vilevile haisemi ni wangapi walioelekezwa kufanya masomo machache badala ya diploma kamili, ambao hawaingii kabisa katika wastani wa diploma. Nilipomwuliza mratibu, alinionyesha idadi zote mbili bila kusita, na hazikuwa za kuaibisha hata kidogo. Sijui kwa nini hazichapishwi.

Nembo za vyuo ndizo zinazopotosha zaidi. Anayeomba kusoma vyuo vya Uingereza huruhusiwa kuchagua kozi 5 kwa fomu moja (anayeomba udaktari wa tiba huchagua 4 za fani hiyo), kwa hivyo mwanafunzi mmoja hodari anaweza kuijaza karatasi nembo tano, ilhali atasoma katika chuo kimoja tu, tena ikiwa karo na viza zitapatikana. Mzazi anayetaka kujua ukweli aulize ni chuo gani kila mhitimu alikwenda kusoma, na ni nani aliyepata ufadhili.

Penye thamani halisi ya shule hii ni katika alama za makadirio. Vyuo vya Uingereza hutoa nafasi kwa masharti, vikitegemea alama ambazo walimu wanatarajia mwanafunzi atapata, na mwalimu anayekadiria kwa ukarimu humfurahisha mzazi mwanzoni mwa mwaka, kisha mtoto hukosa nafasi matokeo yanapotoka. Mpwa wangu alikadiriwa 6 katika kemia. Mama yake alikwenda shuleni akiwa amekasirika, akitaka 7, na mwalimu akamfungulia karatasi za majaribio moja baada ya nyingine, akimwonyesha kwa kalamu mahali ambapo binti alikuwa akipoteza alama zilezile kila mara. Hakuongeza hata moja. Julai ikaja na kemia ikatoka 6, na nafasi aliyopewa ilibaki yake. Insha yake ndefu, ya maneno 4,000, ilihusu chumvi katika maji ya visima vya Kisauni, na msimamizi wake aliirudisha rasimu kwa sababu sampuli zote zilichukuliwa baada ya mvua kubwa. Usimamizi wa namna hiyo hauwezi kuonekana katika nembo.

Dosari kubwa ni muda. Mshauri wa vyuo huanza vikao vya kila mwanafunzi mwaka wa pili unapofunguliwa, mwezi wa Agosti, ilhali maombi ya Oxford, Cambridge na udaktari Uingereza hufungwa katikati ya Oktoba. Wenye kaka au dada waliotangulia hujua hivyo mapema. Wengine hukimbizana na barua za mapendekezo wakati mitihani ya ndani imewakabili. Kwa karo inayotozwa, vikao hivyo vingeanza mwaka wa kwanza.

Jambo la mwisho ni kwamba karatasi haikitaji Chuo Kikuu cha Pwani wala Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kana kwamba kubaki nyumbani ni kushindwa. Wapo wahitimu wanaobaki, kwa hiari au kwa sababu ya fedha, na hao hawapitii utaratibu wa serikali wa kuwagawia nafasi wenye cheti cha KCSE, yaani cha kumaliza sekondari nchini Kenya. Huomba moja kwa moja chuoni wakiwa na ulinganisho wa cheti chao, na shughuli hiyo huchukua muda. Ofisi ya ushauri haikuwa na hata kijikaratasi kimoja cha kuwaelekeza, na nilipouliza, niliambiwa nijaribu kuuliza chuoni.