Betri ya Sola kwa Matumizi ya Nyumbani: Ya Kuanza Nayo na ya Kusubiri

Katika mfumo wa sola wa nyumbani, paneli huweza kuishi juu ya paa kwa zaidi ya miaka 20, ilhali betri hula fedha nyingi na huchoka mapema kuliko kila kifaa kingine. Teknolojia mpya za kuhifadhi umeme zinaingia sokoni kwa kasi, na namba zinazoandikwa kwenye makasha ya betri haziwezi kulinganishwa hivi hivi. Kwa sababu hiyo, betri zimepangwa hapa kwa kuangalia umeme ambao kila moja itampa mnunuzi tangu siku ya kufungwa hadi siku ya kutupwa, si kwa ukubwa wa ampea-saa (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) wala kwa upya wake.

Chukua betri mbili. Ya kwanza ni ya risasi, volti 12 na ampea-saa 200, yaani wati-saa 2,400. Lakini haifai kutumiwa kupita nusu, kwa hiyo kila usiku hutoa wati-saa 1,200. Ikistahimili mizunguko 600 ya kuchajiwa na kutumiwa, itakuwa imetoa kilowati-saa 720. Ya pili ni ya lithiamu, ampea-saa 100 tu, volti 12.8, nayo huruhusu kutumiwa hadi asilimia 80, sawa na wati-saa 1,024 kwa usiku. Kwa mizunguko 4,000 itatoa kilowati-saa 4,096. Gawanya bei ya kila moja kwa jumla yake kabla hujasema ipi ni ya bei nafuu.

Hesabu hiyo ndiyo inayoipa nafasi ya kwanza betri ya lithiamu, chuma na fosfeti, ambayo wauzaji huiandika LFP. Ilichipuka katika miaka ya 1990 kutoka kwenye maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, mwanasayansi aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019 kwa kazi yake juu ya betri za lithiamu. Haihitaji kobalti wala nikeli, na kwa kuwa fosfeti hushikilia oksijeni kwa nguvu, si rahisi kuwaka hata ikipata joto kali. Udhaifu wake ni kwamba haifai kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Unapoikagua, anza kwa kuiinua. Betri ya ampea-saa 100 ina seli nne za volti 3.2, na seli hizo peke yake hukaribia kilo 8. Kasha zima likiwa na kilo 6, kuna kitu kilichopunguzwa humo ndani. Kisha uliza ampea ambazo mfumo wake wa ulinzi, yaani saketi ya ndani inayokata umeme betri inapozidiwa, unaruhusu. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) ya wati 2,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 160, na mfumo unaoruhusu ampea 100 utakata umeme mara tu mzigo huo utakapowashwa.

Nafasi ya pili naipa betri ya risasi ya maji ya mzunguko mrefu, ile yenye sahani za mirija, japo asili yake ni uvumbuzi wa Gaston Planté wa mwaka 1859. Inamfaa mwenye bajeti ndogo aliye tayari kuitunza: kuongeza maji ya betri (si ya bomba), kuiweka penye hewa kwa sababu hutoa haidrojeni, na kuikinga na joto, kwani kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Adui yake mkubwa ni kukaa na chaji pungufu. Niliwahi kuacha mbili wiki kadhaa za mawingu bila kuzijaza. Salfeti ikagandamana kwenye sahani, na hazikurudi tena.

Betri ya jeli, ya risasi pia ila asidi yake imegandishwa, ni ya tatu. Haina kazi ya kuongeza maji, na inatosha pale umeme unapokatika mara chache tu.

Ya nne ni ile inayozungumziwa zaidi siku hizi, betri ya sodiamu. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza kizazi chake cha kwanza mwaka 2021, na sifa zake ni za kweli: sodiamu inapatikana kwa wingi mno, na baridi haiisumbui sana. Tatizo ni kwamba volti zake hupanda na kushuka kwa upana mkubwa, hivyo inveta nyingi huzima huku betri ikiwa bado na akiba. Isubiri, isipokuwa mtengenezaji wa inveta yako ameiidhinisha kwa maandishi.

Lithiamu yenye nikeli na kobalti naiachia magari na simu, ambako wepesi una thamani. Betri ya sebuleni haisafiri. Betri ya kuwashia gari haimo kabisa katika orodha hii, kwa kuwa sahani zake nyembamba zimeundwa kutoa nguvu kwa sekunde chache.

Anayehama kutoka betri ya maji kwenda LFP abadilishe pia mipangilio ya kidhibiti chaji, hasa kuzima ile chaji ya kusawazisha inayopandisha volti kupita 15, la sivyo mfumo wa ulinzi utakuwa ukikata chaji kila mara chaji hiyo inapoanza.