Bluesky kwa mtu wa bando la kuungaunga, uzoefu wangu

Mi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, niko Morogoro. Bluesky, mtandao wa kijamii wa kuposti maandishi mafupi, picha na video, nilijiunga Novemba 2024, ile wiki watu walikuwa wanahamia kama kumbikumbi baada ya uchaguzi wa Marekani, mwezi huohuo wakapita watumiaji milioni 20. Sasa mi siasa za Marekani hazinihusu, nilihama kwa sababu ya bando. Kule nilikokuwa, sitataja jina, ukifungua tu video zinajicheza zenyewe moja baada ya nyingine, umejiunga asubuhi, kabla ya kipindi cha tatu meseji ishaingia kwamba kifurushi chako kinaelekea kuisha, na ukiulizwa umeangalia nini huna jibu.

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichofanya Bluesky kabla hata sijaweka picha ya wasifu ni kuingia kwenye mipangilio nikazima video na GIF zisijicheze mpaka nizigonge. Basi. Kama una haraka hiyo pekee inatosha, nenda kaizime kisha urudi tuendelee.

Cha pili ni fidi, yaani ule mfululizo wa posti unaoshuka nao kwenye skrini. Kuna fidi ya watu unaowafuata, inakuja kwa mpangilio wa muda tu, iliyopostiwa sasa hivi iko juu, ukishuka unafika ulipoishia jana unafunga simu unaenda kusahihisha madaftari. Halafu kuna fidi nyingine nyingi sana ambazo zimetengenezwa na watumiaji wenyewe, maana mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza yake, kuna ya paka, kuna ya ndege, kuna ya sayansi ambayo wanasayansi wenyewe wakiweka ile emoji ya testi tyubu 🧪 posti zao zinaingia humo. Unaibandika juu kwenye skrini kama kituo cha redio unahama unavyotaka. Mi nimebandika tatu, ile ya Discover inayokuchagulia yenyewe siigusi kabisa, niliifungua siku mbili za mwanzo ilikuwa Trump juu Trump chini.

Na kwa hilo nalo kuna dawa, unaweza kunyamazisha neno, sio mtu, neno, na unachagua kwa muda gani, masaa 24, siku 7, siku 30 au moja kwa moja. Mi Simba damu, tulipofungwa dabi nikanyamazisha neno Yanga masaa 24 kwa hasira, nikaja kukumbuka baadae kwamba huku hakuna hata wa kunikera, Waswahili tuko wachache mno. Hilo ndo tatizo kubwa nililokutana nalo kwakweli. Ukiandika posti pana sehemu ya kuchagua lugha, Kiswahili kipo, nimekiweka, ila unaweza ukaandika stori nzuri asubuhi hadi usiku imepata moyo mmoja na huo moyo ni wa rafiki yako uliyemuingiza mwenyewe. Halafu mwisho herufi 300, Mwingereza anaona nyingi, sisi wenye neno moja kama "hawajatusomeshea" tunabanwa, inabidi uunganishe posti mbili tatu chini kwa chini.

Kilichonifanya nibaki ni starter pack, yaani mtu anakusanya akaunti hadi 150 za watu wa fani moja anakupa linki, unagonga mara moja umewafuata wote. Nikapata ya watu wa wadudu. Sasa pale maabara kwetu juu ya fremu ya mlango kulikuwa na kitu kimeganda, rangi ya kahawia, kama povu la sabuni lililokauka, wanafunzi wanasema kiota cha nyigu, mlinzi tayari kaleta mafuta ya taa achome. Nikapiga picha nikaposti na alama ya reli ya wadudu. Haikuisha nusu saa mama mmoja wa Afrika Kusini akajibu kwamba msichome, hiyo ni pakiti ya mayai ya vunjajungu, jike anatoa povu linagandia mayai ndani. Tukaiacha. Siku moja asubuhi kidato cha pili wanapiga kelele, vitoto vidogo kama uzi vinamwagika kutoka kwenye lile povu, vimening'inia kwenye fremu. Nimefundisha wadudu miaka tisa kwa mchoro wa ubaoni, siku hiyo sikuchora kitu.

Yule mama pia ndo aliniambia, kwa upole, kwamba picha yangu haina maelezo. Kumbe ukiweka picha kuna sehemu ya kuandika kilichomo ili mtu asiyeona simu yake imsomee. Nilikuwa naona kibonyezo cha ALT naruka tu. Na hapohapo shuleni tuna mwalimu wa historia haoni, Mwalimu mwenzangu tunakunywa chai pamoja kila siku, sikuwahi kuwaza picha zangu anazipataje. Kwenye mipangilio kuna sehemu ukiiwasha programu inakataa kuposti picha mpaka uandike maelezo, nimeiwasha.

Ukweli mengine nimeyapita tu. Kutumia tovuti yako kama jina la akaunti ni kitu kizuri kwa vyombo vya habari, ukiona nytimes.com unajua ni gazeti la New York Times wenyewe, ila mi tovuti nitaitoa wapi. Meseji za faragha zipo. Magrupu ya wazazi yamebaki WhatsApp na yatabaki hukohuko.

Jana nimeposti picha ya jike la vunjajungu limekaa kwenye chaki, nikaandika maelezo marefu, rangi, kichwa cha pembetatu, mikono imekunjwa kama yuko msikitini. Nikamtumia Mwalimu linki. Leo kwenye chai ananiambia simu yake imemsomea kwa sauti ya Kizungu, kasikia "vanjajangu", kacheka mpaka chai imemwagika, halafu akaniuliza, "Sasa Mwalimu, mbona hujasema ana ukubwa gani?"