Maua Yaliwahi, Mpiga Picha Akachelewa

Sitaki kusikia habari ya kamera ya mpiga picha huyu. Kila niliyemuuliza kabla sijalipa arubuni aliniambia, "Ana mashine kubwa huyo." Mashine kubwa, sawa. Adabu je?

Nilitaka wanangu wapigwe picha kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui, kati ya yale maua ya zambarau yanayotambaa kuelekea baharini, majani yake kama kwato za mbuzi. Baada ya masika hupendeza, we! Ila ni maua ya asubuhi. Jua likikaza yanaanza kujikunja, na ukija mchana utakuta vitambaa vilivyokamuliwa. Ndiyo maana tulipatana saa kumi na mbili na nusu, na usiku wake nikampigia tena kumkumbusha. "Usijali, mamangu."

Alfajiri nasuka nywele za binti, mwenyewe asinzia. Ana miaka mitatu, kaka yake mitano. Tukapanda tuktuk, tukavuka daraja la Sabaki, saa kumi na mbili na nusu tupo. Saa moja. Saa mbili, mahamri yameisha. Bwana alifika saa nne na ushei, simu sikioni, na salamu asitoe. Pwani hii, mtu akufikie bila hata hujambo!

Saa hiyo jua la Malindi halina mchezo. Uso wa mtoto unapata vivuli vyeusi chini ya nyusi kama aliyepigwa ngumi. Mimi si fundi, lakini hilo hata mpiga picha za pasipoti analijua. Nikamwomba tusogee chini ya mvinje. Akanijibu, "Mama, kazi hii nimeianza wewe hujaolewa."

Haya, nikameza. Akasimama wima, akaanza kufoka: "Cheka! Tazama huku!" Binti akajificha kwenye dera langu. Yule mtu akamwinamia: "Usipocheka nakuacha hapa uliwe na kaa." Mtoto wa miaka mitatu! Alilia mpaka kamasi. Kisha akanigeukia mimi: "Huyu hajafunzwa." Hajafunzwa! Nikiliandika neno hili mkono bado unatetemeka.

Alikuwa na kijana wa kumbebea begi. Yeye hakusema kitu. Alijilaza kifudifudi mchangani, akachungulia tundu la kaa katikati ya maua, akabisha: "Hodi humo ndani!" Kilio kikakatika. Binti akasogea, akabisha naye. Kaka mtu akaja mbio. Kijana akaitoa kamera ya akiba polepole, akiwa vilevile amelala.

Picha ziliahidiwa siku tatu, zikaja baada ya wiki kadhaa. Za bosi zote kazipiga kutoka juu, kama mtu anayetangaza kiwanja cha kuuza. Watoto wamekunja nyuso, na nembo yake kaibandika juu ya mguu wa mwanangu. Hapo nilikuwa nimeshaandika "msimpe hata shilingi". Kisha nikafungua ya mwisho.

Binti amechuchumaa, kidole tunduni, mdomo umeviringana kwenye ile "ho" ya hodi, mchanga ncha ya pua. Ua moja ambalo halijajikunja limemgusa shavu. Hakuna kivuli cheusi usoni, kwa sababu kijana alijilaza upande ambao mtoto, akimwelekea, alilipa jua mgongo, uso wote ukawa kivulini. Mamangu aliitazama muda mrefu, kisha akataka asafishiwe na yeye moja, kubwa, ya kutundika.

Basi msiende kwake. Au nendeni, lakini mtakeni kijana, na bosi abaki garini. Sijui. Nikiiangalia picha nasamehe, nikikumbuka "hajafunzwa" nataka arubuni yangu.

Juzi kaniandikia akiomba nyota tano. Nimempa mbili, moja ya kijana na moja ya kaa. Jana usiku nikaongeza ya tatu. Asubuhi nimeifuta.